Sura ya Tano: Mvua Ina Saa Yake

Kila mwaka, mvua ikishaingia mwezi wake wa tatu, swali moja huanza kuzunguka Kitale na Bungoma. Utalisikia ndani ya matatu iliyokwama matopeni, kwenye foleni ya kinu cha posho, na jikoni kwa mtoto aliyefunga shule mwezi wa Agosti: "Sasa na mvua hii yote, mtu afanye nini?"

Anayeuliza hivyo si mvivu. Tangu alfajiri amekama ng'ombe, amepalilia mahindi, amefikisha maziwa barabarani. Lakini ikifika saa 9 alasiri mbingu zimefunga, mabati yanalia hata redio haisikiki, njia imegeuka uji, na usingizi bado uko mbali. Saa hizo za katikati ndizo zinazomlemea. Tukizikadiria kuwa 3 kwa siku, kwa miezi 7 ya mvua zinafika kama saa 630. Muda huo unatosha kujifunza ufundi mzima, na wengi wetu huumaliza tukitazama maji yakipita uani.

Nimeishi misimu mingi ya mvua pande hizi, na jibu langu ni hili: mvua ya kwetu haiji ovyo. Ina saa yake. Anayejifunza saa hiyo hupata siku mbili ndani ya siku moja, asubuhi ya miguu na alasiri ya mikono. Asiyeijua hupoteza zote mbili, kwa sababu asubuhi anaogopa mvua ambayo haijaja, na alasiri anakaa kuisubiri iishe.

Baridi yetu huja na maji

Shuleni tulifundishwa kwamba Kenya ina misimu miwili ya mvua: mvua ndefu ya Machi hadi Mei, na mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kwa mtu wa Nairobi au Machakos hilo ni kweli. Kwa mtu wa Kitale ni nusu ya kweli. Hapa mvua huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, hulegea kidogo Juni, hurudi kwa nguvu Julai na Agosti, na haiagi rasmi hadi Oktoba au Novemba. Ni msimu mmoja mrefu wenye migongo miwili.

Na ni msimu wa baridi pia. Sababu ya kwanza ni mwinuko, yaani urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400. Ndiyo maana mtu akitoka Bungoma asubuhi na shati la mikono mifupi, akifika Kitale huanza kutafuta jaketi: amepanda mita 500, na njiani ameacha nyuzi 3 za joto. Sababu ya pili ni mawingu. Julai jua huwa lipo, ila limefunikwa, na ardhi iliyolowa haipati nafasi ya kupata moto.

Mahindi yenyewe yanaijua tofauti hiyo. Mbegu za nyanda za juu zinazotoka Kitale, mji ambao Kenya Seed Company ilianzia mwaka 1956, huchukua miezi 6 hadi 8 shambani. Ukipanda mbegu ileile Bungoma, kwenye joto zaidi, hukomaa mapema. Kwa hiyo mahindi ya kuchoma huonekana kwanza kando ya barabara za Bungoma, kisha harufu yake hupanda pole pole kuelekea Kitale.

Kwa nini mvua hupenda alasiri

Chunguza wiki moja ya Mei au Agosti. Siku nyingi kutakucha na ukungu, halafu jua litatoka. Kufikia saa 4 asubuhi ardhi inatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Hewa hiyo yenye joto na unyevu ni nyepesi, basi hupanda. Upepo unaotoka upande wa Ziwa Viktoria huiongezea unyevu, na Mlima Elgon huisukuma juu zaidi, kama ngazi. Kadiri inavyopanda, inapoa. Ikipoa, mvuke hugeuka matone madogo, na matone mengi pamoja ndiyo wingu. Kazi hiyo yote huchukua saa kadhaa. Wingu lililoanza kujengwa saa 4 asubuhi huwa tayari kuanguka saa 8, saa 9 au saa 10 mchana.

Zipo siku ambazo manyunyu huanza alfajiri na kushinda hapo, hasa Julai. Lakini hizo si kawaida. Kawaida ni asubuhi iliyo wazi na alasiri iliyofungwa.

Tujilinganishe na wenzetu wa nchi za baridi kali. Mjini Stockholm, mwezi wa Desemba, mwanga wa mchana hudumu kama saa 6 tu. Mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani, kwa miezi. Sisi tuko hatua chache kutoka mstari wa ikweta. Mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe, tunapata mwanga wa karibu saa 12. Msimu wetu mrefu haujawahi kutunyang'anya asubuhi. Ni sisi tunaoiacha ipite.

*Kwa ufupi:*
- Msimu wetu wa mvua na baridi ni mmoja na mrefu, kuanzia Aprili hadi Oktoba au zaidi.
- Baridi inaletwa na mwinuko na mawingu.
- Jua la asubuhi ndilo linalopika mvua ya alasiri. Panga siku yako kwa utaratibu huo.

Kopo na daftari

Uraibu wa kwanza ninaoupendekeza hauhitaji hata shilingi 50. Ni kupima mvua. Kifaa chenyewe huitwa kipima mvua, nacho ni chombo cha kukusanya maji ya mvua ili uyapime kwa rula. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini. Lisimamishe uani, mbali na mti na paa, ulizungushie mawe lisipeperushwe. Kila asubuhi saa 3, tumbukiza rula hadi chini, soma maji yamefika milimita ngapi, andika, kisha mwaga.

Milimita moja inaonekana kitu kidogo mpaka uijue hesabu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya eneo la mita 1 mraba ni lita 1 kamili ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita 10 kwa 5 ina mita 50 mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya alasiri moja tu, humwaga juu ya paa hilo lita 1,000. Kitale hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka. Paa hilohilo, basi, hupokea lita 60,000, hata tukijua kwamba kiasi fulani hurukia pembeni. Mtoto akishapiga hesabu hiyo mwenyewe hatahitaji kuhubiriwa kuhusu mfereji wa paa na tangi. Ataanza kukuuliza kwa nini hamna.

Katika daftari langu nilichora safu mbili. Ya kushoto ni ya milimita. Ya kulia ni ya saa ambayo tone la kwanza lilianguka. Baada ya wiki 3 nilishangaa: siku 15 kati ya 21 tone la kwanza lilianguka kati ya saa 8 na saa 11 jioni. Kabla ya hapo ningekuapia kwamba mvua ilinyesha kutwa. Daftari lilinionyesha kwamba kilichonyesha kutwa kilikuwa hofu yangu ya kunyeshewa. Kuanzia hapo niliacha kuahirisha safari za asubuhi.

Jambo hili dogo lina ukoo mkubwa hapa Kitale. Makumbusho ya Kitale yalianza na mtu mmoja aliyependa kukusanya. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi na mpenzi wa viumbe, alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya watu wa eneo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1926 akaufanya mkusanyo wake kuwa makumbusho. Alipofariki mwaka 1966 aliuacha kwa taifa, na jengo tunalolijua leo lilifunguliwa mwaka 1974. Ndiyo makumbusho ya kwanza ya bara nchini Kenya. Wazee wetu nao walikuwa wakiyajua majina na tabia za wadudu haohao zamani kabla yake; tofauti ni kwamba yeye aliandika na kuhifadhi. Daftari la shilingi chache linaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa boma lako.

Asubuhi ya miguu

Safari ndogo ninayoizungumzia hapa ni ile inayoanza baada ya chai ya asubuhi na kukurudisha nyumbani kabla ya saa 8. Unahitaji gambuti, koti la mvua, maji ya kunywa na viazi vitamu vilivyochemshwa. Hizi hapa ni nne ninazozipenda.

*Kinamasi cha Saiwa.* Hifadhi ya Taifa ya Saiwa iko upande wa barabara ya Kitale kwenda Kapenguria. Ilianzishwa mwaka 1974, na ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kama kilomita 3 mraba tu. Magari hayaingii. Unatembea kwa miguu, mahali pengine juu ya vijia vya mbao vilivyojengwa kwenye kinamasi, na unapanda majukwaa kwenye miti ili kutazama. Mwenyeji maarufu wa pale ni nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, kwa hiyo hazizami kwenye tope jinsi mguu wako unavyozama. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji. Akiogopa huingia majini na kuacha pua tu nje.

Mara ya kwanza nilipomwona nilikuwa nimekaa kwenye jukwaa zaidi ya saa moja. Nilikuwa nimeanza kukunja mfuko niondoke. Tete likatikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo. Kikatoka kichwa cha rangi ya majani makavu, na masikio mawili makubwa yenye maji yakining'inia nchani. Alikula, akanitazama, akala tena. Halafu akarudi nyuma hatua moja na tete likamfunga. Sikuwa nimepumua sawasawa. Pale pale, juu ya miti, utakutana pia na kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe kama za mzee wa kanisa, na kwenye majani mafupi utaona korongo taji, ndege mwenye shada la dhahabu kichwani. Korongo hawa hujenga viota kwenye vinamasi. Tangu mwaka 2012 wamewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, hasa kwa sababu vinamasi vinakaushwa ili vilimwe. Ukiwaona wawili kwenye bwawa la jirani, waandike.

*Njia ya msitu ya Makumbusho ya Kitale.* Hii ni ya familia yenye watoto wadogo. Nyuma ya jengo kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembea, na mbele kuna nyoka na mamba wa kutazamwa. Mvua ikiwahi, unaingia ndani na kuendelea na maonyesho.

*Maporomoko ya Nabuyole.* Yako kwenye mto Nzoia, karibu na Webuye. Wakati wa kiangazi ni maji yanayopita kati ya mawe. Julai na Agosti ni ngurumo unayoisikia kabla ya kuiona. Tazama ukiwa mbali na ukingo, kwa sababu mawe yaliyolowa huteleza kama sabuni na maji ya Nzoia hupanda ghafla mvua ikinyesha milimani. Siku hiyohiyo unaweza kutazama vilima vya Chetambe vilivyo juu ya mji. Hapo ndipo Wabukusu walipopigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, nyuma ya ngome yao ya udongo. Mwombe mzee wa eneo hilo akuonyeshe na akusimulie.

*Mapango ya Elgon.* Hii inahitaji maandalizi. Unapitia Endebess hadi lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968. Pango la Kitum linaingia kama mita 200 ndani ya mlima. Ndovu wamekuwa wakiingia humo usiku, gizani, wakipapasa kwa mkonga, na kukwangua ukuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Alama za pembe zinaonekana kila mahali. Lakini nenda na askari wa wanyamapori, na uwaache popo na vinyesi vyao kabisa. Watu wawili waliougua homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wametembelea pango hilo, na virusi vya homa hiyo huishi ndani ya popo walao matunda. Barabara ya mlimani pia huharibika kwa mvua. Piga simu hifadhini ujue hali yake kabla ya kutoka nyumbani.

Ngoma ya kumbikumbi

Kuna burudani moja ambayo kiangazi hakiwezi kukupa hata ukilipa. Kumbikumbi, ambao Wabukusu wanawaita chiswa, ni mchwa wenye mabawa. Ndani ya kichuguu hukua wakisubiri. Mvua ikishalainisha udongo, hutoka kwa maelfu, huruka, hudondosha mabawa, na wachache wanaonusurika huanzisha vichuguu vipya. Wengine wetu, yaani ndege, kuku, mbwa na watoto, huwa tumejipanga mlangoni.

Aina moja huruka mchana, nyingine magharibi, nyingine usiku wa manane. Wajuzi hawasubiri. Nilipokuwa mdogo, kukhu wangu, mama mzaa baba, alikuwa akifagia pembeni mwa kichuguu mpaka udongo ubaki mtupu, anachimba kashimo kadogo na kukazungushia majani ya ndizi, kisha anajenga paa la matawi na blanketi kuukuu juu yake ili pawe giza. Akimaliza hayo anakaa kwenye kigoda, anaweka ubao mbele yake, na kuanza kuupiga kwa vijiti viwili. Ta-ta-ta-ta, haraka haraka, bila kupumzika.

"Kukhu, mbona tunapiga ngoma na hakuna sherehe?" nilimuuliza.

"Tunawaita, mjukuu wangu."

"Wanasikia?"

"Wanasikia mvua. Piga sawa na mvua. Ukipiga kama mtu, hawatoki."

Tulipiga kwa zamu mpaka mikono ikawaka. Kisha mashimo madogo yakafunguka kwenye udongo, na ndani ya kila shimo kukawa na kichwa chekundu cha mchwa askari akichungulia. Nyuma yake wakafuata wenye mabawa, mmoja mmoja, kisha kama maji. Waliona mwanga mahali kukhu alipouachia mwanya, wakauelekea, wakaanguka ndani ya kashimo. Tulijaza gorogoro mbili, yaani mikebe miwili ile ya kilo 2 ya sokoni. Wa kwanza tuliwala wabichi. Waliobaki aliwakaanga bila mafuta, kwa maana wana mafuta yao wenyewe, akawanyunyizia chumvi, akawapepeta kwenye ungo mabawa yakaruka.

Kichuguu kina zawadi ya pili: uyoga. Mchwa hulima kuvu chini ya ardhi kama chakula chao, na mvua ikianza, kuvu hiyo hutoa uyoga juu ya kichuguu. Ni mtamu kama nyama. Lakini uyoga uchumwe tu ukiwa na mtu mzima anayeujua, kwa sababu ule wa sumu unaweza kufanana nao sana, na kuupika hakuondoi sumu yake.

*Kwa ufupi:*
- Safari ndogo zianze asubuhi na ziishe kabla ya saa 8 mchana.
- Kinamasi, maporomoko, kumbikumbi na uyoga viko katika ubora wake wakati wa mvua.
- Kwa pango nenda na askari wa hifadhi. Kwa uyoga nenda na mjuzi.

Alasiri ya mikono

Sasa tone la kwanza limeanguka. Umerudi, gambuti ziko mlangoni, chai ya tangawizi iko jikoni. Hapa ndipo zinapoanza zile saa 630.

Anza na krosheti, ile sindano moja yenye ndoana nchani. Ukiingia sebule yoyote kati ya Kimilili na Kiminini utakuta vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono vikipamba makochi, meza na hata redio. Vingi vilizaliwa alasiri za mvua. Kitambaa cha duara huanza na vitanzi 6 vinavyounganishwa kuwa pete. Vyote vinavyofuata ni kurudia: ingiza, vuta, pitisha. Anayeanza akubali kwamba kitambaa cha kwanza kitajikunja kama kofia. Cha tatu kitalala mezani.

Uzi si lazima ununuliwe. Nyumbani tulinunua sweta kuukuu la mitumba, tukatafuta ncha ya uzi mabegani, tukalifumua lote jioni moja, mmoja akivuta na mwingine akizungusha kwenye mgongo wa kiti. Uzi hutoka umejikunja kunja, unakumbuka sweta. Basi unaoshwa, unatundikwa na kufungwa jiwe chini, na kesho yake umenyooka. Kutokana na sweta moja la mtu mzima tulipata kofia na soksi za watoto wawili. Julai ya Kitale ilitukuta tumejiandaa.

Kuna pia drafti, mchezo wa ubao wa miraba. Mchezaji mmoja hutumia vifuniko 12 vya soda vilivyogeuzwa chali, mwenzake 12 vilivyolala kifudifudi. Mvua ikimkamata mtu kwenye kibanda cha boda boda, drafti humkalisha na watu ambao asingezungumza nao siku nyingine. Mzee humshinda kijana mara tano, kisha kijana huanza kuona mtego unavyotegwa hatua tatu kabla. Somo hilo peke yake lina thamani ya alasiri nzima.

Mwenye mzee mpigaji litungu karibu naye, asiiache mvua ipite bure. Litungu ni kinubi cha Wabukusu, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa vidole huku mpigaji akiimba habari za watu na mambo yaliyopita. Wanaokijua vizuri wanazeeka. Kijana mwenye simu anaweza kuomba ruhusa, kurekodi, na kuuliza maana ya kila jina linalotajwa. Akimaliza msimu mmoja atakuwa na hazina ambayo ukoo wake utamshukuru kwayo.

Agosti, mwezi wa kengele

Miaka ya namba shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili kama 2022 na 2024, Agosti ya Bungoma ina sauti yake. Ni mwaka wa tohara kwa Wabukusu. Kijana anayejiandaa huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, akicheza na kupiga chinyimba, kengele za chuma anazozigonga kwenye bangili za mikononi. Nyuma yake hufuata msafara wa ndugu, marafiki na majirani wakiimba. Mvua haiwazuii. Na alfajiri ya siku yenyewe kijana hupakwa tope la kinamasini kabla ya kurudi nyumbani kusimama imara. Tope lile tunalolilaani barabarani, asubuhi hiyo ni vazi la heshima.

Sherehe hii ni ya wenyewe na ina miiko yake, basi mgeni aende akialikwa, na asipige picha bila idhini. Lakini hata aliye pembeni husikia kengele zikipita usiku, na hujua yuko wapi duniani. Mwezi huohuo mahindi mabichi huwa tayari, jiko huwashwa, na kila aliyeingia nyumbani na nguo zilizolowa hupewa hindi la moto alishike kwanza kabla ya kulila.

Mambo matano ya usalama

1. *Radi.* Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikipungua kufika 30, uwe umeshaingia nyumbani au garini. Usijikinge chini ya mti.
2. *Mto uliojaa.* Usivuke kwa miguu maji ya kahawia yanayokimbia, hata kama jana ulivuka hapo.
3. *Jiko la makaa.* Usilale na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua mtu usingizini.
4. *Mbu.* Maji yaliyotuama ni kitalu chao. Funika mapipa, mwaga makopo, lala ndani ya neti. Kopo lako la kupimia nalo limwagwe kila siku.
5. *Njia ya kurudi.* Mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi. Boda boda haipandi mlima wa matope baada ya mvua, utasukuma.

Safu ya kulia

Nimelifungua tena lile daftari langu la kwanza. Kurasa za Aprili ni tupu upande wa kulia, ni saa tu: saa 9 na robo, saa 8 na nusu, saa 10. Mwezi wa Mei neno moja moja linaanza kuingia kando ya saa. Juni sentensi nzima. Kufikia Agosti safu ya milimita imebanwa ukingoni kwa kukosa nafasi, na ukurasa umejaa hivi:

Milimita 14. Saa 9:20. Korongo wawili kwenye bwawa la chini.

Milimita 0. Jirani amenifunga drafti mara nne.

Milimita 31. Saa 8:50. Kitambaa cha tatu kimelala mezani. Chiswa jioni, gorogoro moja. Tumepiga ubao na mtoto wa dada yangu, na ameniuliza wanasikia nini. Nimemwambia apige sawa na mvua.